Kigingi cha Nyuma ya Banda

Mtu akikuambia kwamba ugomvi wa ardhi na serikali huamuliwa na karatasi, mwulize kwanza kama amewahi kuwa nao. Mama Tanuru alikuwa na karatasi, na serikali nayo ilikuwa na karatasi. Yake ilikuwa kuukuu, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikawa matundu, nayo ilisema kwamba marehemu mumewe amepewa kibali cha tanuru la mikate "pamoja na nafasi yake". Nafasi hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi, aliyeandika hakujisumbua kueleza, na sasa alikuwa kaburini akipumzika, hana habari na mtu. Ya serikali ilikuwa ramani nzuri yenye mhuri, ila mpaka wake ulichorwa kwa kalamu nene. Ukiishusha ile ramani juu ya ardhi yenyewe, wino peke yake ulifunika ua, tanuru, banda la kuni na kuku waliokuwa wakiparuaparua pale.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Nyuma ya ua wa Mama Tanuru palikuwa na kituo cha afya, na kituo kilitaka kujenga wodi ya wazazi. Wanawake walikuwa wakijifungulia kwenye ukumbi wa kupitia, huku watu wa malaria wakiwaruka miguu. Jambo hilo Mama Tanuru alilijua kuliko mtu yeyote, maana mikate ya wagonjwa ilitoka kwake. Hakuwahi kusema wodi isijengwe. Alisema tu kwamba tanuru si kitanda, huliinui ukalipeleka chumba cha pili. Lilikuwa la matofali ya kuchoma, limezama ardhini, na mumewe alilijenga pamoja na mdogo wake wakati yeye Mama Tanuru bado ni bibi harusi mwembamba asiyejua kukanda unga. Tanuru hilo lilimsomesha binti yake, likamzika mumewe kwa heshima, na mpaka leo lilikuwa linamlisha. Likienda, yeye angebaki mama mzee mwenye mikono ya unga, hana mbele wala nyuma.

Miaka ikapita kesi ikilala na kuamka, mpaka pande zote mbili zikachoka, ndipo akaletwa msuluhishi. Alikuwa mwanamke mfupi, mstaafu wa mahakama, anayevaa mabuti ya mpira hata jua likiwaka, kwa sababu alisema ardhi huamuliwa kwa kuikanyaga. Aliwaketisha Mama Tanuru na wakili wa serikali kwenye benchi moja mbele ya duka la mikate, akawaeleza namna yake ya kufanya kazi. Kila upande utaonyesha mpaka wake bila kuuona wa mwenzake. Serikali, kwa kuwa ina wapimaji, itaandika vipimo na kuvifunga kwenye bahasha. Mama, kwa kuwa hana mpimaji, atapiga vigingi uani kwake peke yake, na mpaka siku ya kufungua hakuna mtu wa serikali atakayekanyaga pale, wala yeye msuluhishi, asije akaambiwa amemwonyesha mtu mahali. Siku ya kufungua atatazama mistari yote miwili na kuchagua mmoja.

Wakili wa serikali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliuliza kama haingekuwa haki kugawa katikati.

"Sigawi katikati," msuluhishi alisema. "Nikigawa katikati, kila mtu atavuta kwake mpaka kamba ikatike, ili nusu yake iwe kubwa. Nachagua mstari mmoja mzima, ule ulio karibu zaidi na ukweli. Mwenye tamaa anapoteza vyote. Na kigingi kikishapigwa hakiguswi. Atakayekigusa, upande wake umeshindwa hapo hapo, sitaki maelezo."

Wote wawili wakatia sahihi. Wakili akafuta viatu vumbi kwa leso, akaenda zake.

Habari zikaenea mtaani kabla mikate ya jioni haijapoa, na kila mnunuzi akaja na ushauri wake. Vuta mama, walimwambia, serikali haina uchungu, haina mtoto wa kulia njaa. Omba kubwa upewe dogo. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimshauri apige kigingi chake mlangoni pa chumba cha daktari kabisa. Watu wakacheka, na Mama Tanuru akacheka nao. Wao walikuwa wakizungumzia ardhi ya mtu mwingine, na ushauri wa namna hiyo ni rahisi kutoa.

Ukweli aliujua, na ndiyo ilikuwa taabu yake. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, na kuhusu mpaka alisema mara moja tu, siku mdogo wake alipoanza kujenga chumba cha kulala nyuma ya banda la kuni. Alisimama mbele ya banda, akachora kwa kisigino mstari wa kukata ua, akasema, "Cha kwetu kinaishia hapa. Kuanzia banda kwenda nyuma ni kwa kituo, daktari katuazima. Siku wakitaka kwao, tutawapa." Daktari yule wa zamani alikwisha kufa. Mume naye alikwisha kufa. Mstari wa kisigino ulifutwa na mvua ya mwaka ule ule. Aliyebaki kuukumbuka ni yeye Mama Tanuru, na mtu mmoja mwingine aliyeamua zamani kuusahau, naye ndiye mwenye chumba.

Mtaa mzima ulimwita Pimamaji. Alikuwa fundi mwashi, na jina lake la kuzaliwa lilimezwa na kile kifaa cha kupimia usawa alichokitia mfuko wa nyuma kila siku ya Mungu. Ukimkaribisha chai, kwanza anaweka pimamaji juu ya meza. Aliwahi kuwa na mke, akaondoka akisema hawezi kulala na mtu anayepima kitanda. Tangu hapo aliishi nyuma ya banda, peke yake, katika chumba alichokijenga kwa mikono yake, kuta zimenyooka hata unaona aibu kuziegemea. Kila alfajiri alipasua kuni, akawasha tanuru la shemeji yake, akangoja mkate wa kwanza, akaumega na kutafuna akiwa amefumba macho, kisha akatoa hukumu ile ile.

"Shemeji, chumvi imepungua."

Mama Tanuru akiongeza, imepungua. Akiongeza tena mpaka wateja wanaomba maji, bado imepungua. Baada ya kufiwa alielewa kwamba ile ndiyo ilikuwa salamu yake, akaacha kubishana. Asubuhi ambayo Pimamaji hakulalamikia chumvi, mtu angejua ana homa.

Huyo ndiye aliyepaswa kuambiwa. Mama Tanuru akivuta mstari mpaka nyuma ya chumba cha shemeji, wodi haina pa kukaa, na msuluhishi si mtoto mdogo, angeona tamaa waziwazi, na tanuru lingekwenda. Akiuweka pale mumewe alipouweka, tanuru lina nafasi ya kupona, lakini banda na chumba vinabaki ng'ambo. Usiku akageuka huku na huku akipanga namna ya kumweleza. Angempa stoo ya unga, ilikuwa kubwa, ingepakwa rangi. Asubuhi akazungumza habari za kuni tu. Akajiambia kesho. Kesho yake akajiambia nikishinda nitamwambia, maana mtu huambiwa habari mbaya vizuri zaidi akiwa ameshiba. Huo ni uongo ambao watu wazima hujidanganya nao, na Mama Tanuru alikuwa mtu mzima.

Akapiga vigingi vyake mchana mmoja Pimamaji akiwa kazini, nyundo ya mumewe mkononi, kitambaa cheupe kwenye kila kichwa cha kigingi. Kila shimo alilimiminia majivu ya tanuru kabla ya kushindilia kigingi, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa na mchwa wasio na dini, na mumewe hakuwahi kusimamisha mti wowote bila kuulaza kwanza kwenye majivu. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayetia maji kidogo kwenye birika kabla ya kuliosha. Kigingi cha pembe, kile kilichoamua yote, alikipiga mbele ya banda, pale penye kisigino cha marehemu.

Jioni Pimamaji akarudi. Akapita, akaingia nyuma, akakaa huko kitambo. Mama Tanuru alisimama nyuma ya mlango wa duka akisikiliza. Akija na kelele, alishajiandaa. Pimamaji hakuja na kelele. Alikuja akaketi, akala, akapima meza, akasema meza imeinama upande wa mlangoni, akaenda kulala. Wala hakutaja chumvi, lakini ilikuwa jioni, na chumvi ilikuwa mambo ya asubuhi. Mama Tanuru akashukuru kwamba hakuona vigingi. Hakujiuliza mtu anayeona meza imeinama kwa unene wa ukucha angekosaje kuona kitambaa cheupe kwenye njia ya kwenda kwake.

Siku ya kufungua, alipoamka kuwasha, alikuta kuni zimekwisha kupasuliwa na kupangwa mlangoni pa tanuru, za siku nzima, wala si za asubuhi tu. Hapakuwa na haja ya yeye kwenda nyuma bandani hata mara moja. Akaguswa. Akasema moyoni, shemeji huyu ana moyo, na mimi namtendea hivi. Akakanda unga na machozi yakimlenga. Mkate wa kwanza ulipotoka, Pimamaji hakuja kuuchukua.

Walifika jua likianza kuwa kali. Msuluhishi na mabuti yake, wakili na viatu vyake, mpimaji wa serikali na chombo chake cha miguu mitatu, na daktari mkuu wa kituo, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa mteja wa mikate tangu alipohamia pale. Daktari alimsalimia Mama Tanuru kwa aibu, kama mtu aliyelazimishwa kuja kumfukuza mama yake. Watu wa mtaani wakajaa barabarani. Pimamaji alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake kule nyuma, mikono kifuani, hakwenda kazini.

Bahasha ikafunguliwa mbele ya wote. Mpimaji akasoma vipimo, akatazama chombo, akaonyesha, na vigingi vyekundu vikaanza kupigwa. Cha kwanza nje ya ukuta wa stoo. Cha pili karibu na karo la kuoshea vyombo. Cha tatu kikapigwa mbele ya mdomo wa tanuru, karibu kabisa, hata nyundo ilipogonga, masizi yakadondoka. Watu barabarani wakaguna. Serikali ilikuwa imechukua kila kitu isipokuwa duka na benchi.

Mama Tanuru alimtazama wakili usoni. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Bila shaka wakubwa zake nao walimwambia avute. Na hapo, katikati ya hofu, Mama Tanuru alisikia kitu kama furaha kikimpanda kifuani. Wenzake walikuwa na tamaa. Yeye hakuwa nayo. Kama msuluhishi alikuwa mtu wa maneno yake, tanuru limepona.

"Sasa twende kwa mama," msuluhishi akasema.

Wakalizunguka tanuru kwenda nyuma, Mama Tanuru mbele, akitembea kama mwenye nyumba. Kigingi cheupe cha kwanza kilikuwa mahali pake. Cha pili kilikuwa mahali pake. Akanyoosha mkono kuonyesha cha pembe, mbele ya banda, na mkono ukabaki hewani.

Hapakuwa na kigingi.

Palikuwa na ardhi tupu. Na ilikuwa tupu kwa namna ya peke yake. Ua wote ulikuwa na mashimo ya kuku, maganda ya kuni na alama za miguu, lakini pale palikuwa na duara dogo lililoshindiliwa, likanyunyiziwa maji, likalainishwa mpaka likawa sawa kama sakafu ya sebule. Mtu mwingine akiziba shimo hulipiga teke la udongo akaondoka. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye, hata akiiba, lazima asawazishe.

"Kile kule," mpimaji akasema, akionyesha kwa kidole. Kitambaa cheupe kilikuwa kikipeperuka nyuma ya banda, nyuma ya chumba cha Pimamaji, karibu kugusa ukuta wa kituo. Mstari ulitoka kigingi cha pili, ukapinda, ukakumbatia kila kitu.

Daktari akavuta pumzi. Msuluhishi alikwenda mpaka kule, akasimama, akageuka, akatazama mstari wote kwa jicho moja. Aliporudi uso wake ulikuwa umefunga. Akamwuliza daktari kama wodi itaingia katika nafasi iliyobaki. Daktari akasema taratibu kwamba haitaingia hata choo chake.

"Mama," msuluhishi akasema, "huu ndio mstari wako?"

Mama Tanuru alimwona Pimamaji kule mlangoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja mkate utoke. Akinyamaza, mstari ule ni wake, ni wa tamaa, na mwekundu utachaguliwa na tanuru limekwenda. Akisema kimehamishwa, aliyekihamisha ni ndugu wa mumewe, mtu wa nyumbani mwake, anayekula mezani pake. Upande wake umegusa kigingi, na tanuru limekwenda vile vile. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na kila ufuo ulikuwa mbali. Basi akaona, kama ni kuzama, azame na mstari wa mumewe.

"Sio wangu," akasema. "Wangu nilipiga hapa." Akagusa lile duara kwa kidole cha mguu.

Wakili aliruka kama aliyengojea. Alisema mama ameona mstari wa serikali, akaona wake umezidi, sasa anarudi nyuma, huo ni ujanja wa sokoni. Na kama kweli kimehamishwa, basi kimeguswa, na sahihi ya mama ipo. Aliyasema yote kwa adabu, huku akimwita mama kila baada ya maneno machache, na kila "mama" ilichoma zaidi ya iliyotangulia.

Msuluhishi akamwuliza ana ushahidi gani kwamba kigingi kilikuwa pale. Mama Tanuru akataka kusema hana. Kisha akakumbuka mchwa. Akaomba wachimbe. Mpimaji akapiga magoti, akafukua lile duara kwa mwiko, na chini ya udongo mbichi wa juu kukatokea majivu, ya kijivu, makavu, yameshika umbo la kigingi. Wakaenda kwenye kigingi cha kwanza, wakachimba pembeni, majivu. Cha pili, majivu. Kule nyuma ya banda, kwenye kigingi chenye kitambaa kinachopeperuka, hapakuwa na chembe. Mchwa wawili watatu walikuwa wameshaanza kukionja.

"Basi kilikuwa hapa," msuluhishi akasema. "Hilo nimekubali. Sasa nani amekitoa?"

Mama Tanuru alifumba midomo. Hapo ndipo palipomwuma kabisa, na isieleweke kwamba ni ushujaa. Alikuwa tayari kupoteza tanuru lakini hakuwa tayari kulitaja jina. Akatazama chini.

"Ni mimi," Pimamaji akasema.

Alikuja polepole, akapita katikati ya viatu na mabuti, akasimama kando ya shimo la majivu. Alilitazama kwanza shimo, kama fundi anayeikagua kazi yake iliyoharibika.

"Mnaona?" wakili akasema. "Ni shemeji yake. Anakaa kwake. Upande wa mama umegusa kigingi, na sahihi..."

"Wewe kijana, upande wa nani?" Pimamaji akamkata. Hakupaza sauti. "Hebu tazama shimo. Tazama chumba changu kiko wapi. Huyu mama kanitoa nje. Alipiga kigingi chake hapa akijua nalala pale, wala hakuniambia hata neno. Kwa mstari wake mimi niko kwenu. Niko kwa serikali. Nimekihamisha kujiokoa mimi, sikumfanyia yeye. Yeye si ndugu yangu tena. Kama kuna upande ulioshindwa kwa sababu yangu, ni wenu."

Wakili alianza kupekua karatasi zake. Barabarani mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Msuluhishi akakwangua tope la buti moja kwa buti jingine. Halafu akasema kwamba kanuni aliiweka ili mtu asifaidike kwa kuhamisha kigingi. Mama hakufaidika, nusura azikwe. Huyu bwana alitaka kufaidika mwenyewe, na mama ndiye aliyefichua kwamba kigingi kimehamishwa. Kwa hiyo anautazama mstari mweupe kama ulivyopigwa kwanza. Akamwuliza daktari tena, safari hii akionyesha kutoka shimo la majivu kwenda nyuma, banda na chumba vikiwa havipo. Daktari akahesabu kwa hatua, midomo ikicheza. Akasema wodi inaingia, na nafasi ya kuanikia mashuka inabaki.

"Nimechagua mweupe," msuluhishi akasema, akakunja karatasi zake.

Watu wakapiga makofi. Fundi viatu akavuka barabara kuja kumshika Mama Tanuru mkono. Daktari alimkumbatia, akamwambia sasa atalala. Wakili mwenyewe alimpa mkono, na ukiacha unyonge wa kazi, alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. Mama Tanuru aliitikia kila mtu, huku akimtafuta Pimamaji kwa macho. Alimkuta chumbani kwake, anakunja godoro.

Akamwambia habari za stoo ya unga. Akamwambia itapakwa rangi, itawekwa dirisha, mlango atachagua mwenyewe. Alisema haraka haraka, kama anayelipa deni kabla ya kudaiwa. Pimamaji aliendelea kufunga kamba.

"Tanuru lile nimelijenga mimi na kaka," akasema. "Na leo wewe umelinunua kwa chumba changu. Ungeniambia, shemeji. Ungeniambia tu, ningekupigia kigingi mwenyewe."

Akajitwika godoro kichwani, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Mama Tanuru akabaki ndani ya zile kuta nne zilizonyooka, akalia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Mengi alijiuliza baadaye, mikono ikiwa ndani ya unga. Yale maneno, kwamba si ndugu yangu tena, yalitoka kwa hasira au kwa huruma? Bila maneno yale tanuru lingekwenda. Fundi anayejua wapi pa kugonga tofali likatike alishindwaje kujua wapi pa kumgonga wakili? Kuna siku alikuwa na hakika kwamba Pimamaji alimwokoa. Siku nyingine alikuwa na hakika kwamba alimkana kwa moyo wote na wokovu ulitokea kwa bahati. Hapakuwa na wa kumwuliza. Kuni alipasua mwenyewe sasa, vibaya, vipande vikubwa na vidogo, na mkate wa kwanza kila asubuhi uliliwa na mtu yeyote.

Mvua zilipokatika, kituo kikabomoa banda na chumba, kikaanza na ukuta wa mpaka. Walitafuta waashi wa karibu. Asubuhi moja Mama Tanuru alisikia mwiko ukikwaruza tofali nyuma ya tanuru, akatambua mkono kabla ya kuona mtu. Pimamaji alikuwa ng'ambo ya mstari, amepiga magoti, kamba imevutwa kigingi kwa kigingi, anajenga ukuta wa serikali juu ya majivu yake Mama Tanuru. Hakuinua uso.

Ukuta ukapanda. Siku za kwanza aliuona mgongo wake mzima, baadaye mabega, baadaye kofia na masikio. Mama Tanuru alikuwa akitoka na kurudi, ana maneno mengi, hana hata moja. Ukuta ulipofika kidevuni alichukua mkate wa kwanza, wa moto, akaenda akauweka juu ya tofali bichi, akarudi nyuma hatua chache. Mwiko ukasimama. Mkono wenye saruji ukatokea, ukauchukua. Akasikia kutafuna, taratibu, kwa kufumba macho, alijua amefumba.

"Shemeji," sauti ikasema ng'ambo, "chumvi imepungua."

Kisha kikasikika kile kifaa kikiwekwa juu ya ukuta, na tofali linalofuata likakaa mahali pake, na kofia haikuonekana tena. Mama Tanuru alirudi kwenye unga wake akijifuta macho kwa mkono wa gauni. Kesho yake aliongeza chumvi, akatafuta stuli ya kupandia.